Paa la Karani Semboja

“Mkunja paa hana buti,” Bi Tumu alimwambia mteja aliyetaka gauni la kubana kiunoni, tena liwe na mifuko miwili mikubwa. Mteja alipoondoka, wasichana wawili wanaojifunza ushonaji kwake wakauliza msemo huo umetoka wapi. Bi Tumu akaweka mkasi chini. Methali hii, akasema, ilianza hivi.

Korogwe palikuwa na karani wa mizani katika shamba la mkonge, jina lake Semboja. Meneja wa shamba alipokuwa anarudi kwao, Semboja akanunua gari lake, gari dogo jekundu lenye kibenchi chembamba nyuma na paa la turubai la kukunjwa. Watu wakamcheka kwamba kanunua nusu gari. Hawakulijua buti lake. Kwa miaka miwili buti lile lilibeba magunia ya machungwa, mikungu ya ndizi, hata mbuzi mara moja, na Semboja hakuchoka kulisifia.

Paa lenyewe hakulikunja hata siku moja. Raha hiyo alikuwa akiitunzia harusi ya bintiye. Mkewe alikwishafariki, na Semboja alitaka ampeleke mtoto wao kwa wakwe, Mombo, paa likiwa wazi, njia nzima wamwone. Habari alikwishaitangaza, na watu walikuwa wakingoja kandokando ya barabara.

Siku ikafika. Bibi harusi akakaa mbele, shangazi yake na somo yake aliyemfunda wakabanana nyuma. Butini mlikuwa na kitu kimoja tu, cherehani ya marehemu mama yake, kichwa ndani ya kasha la mti, miguu ya chuma imefunguliwa kando. Semboja akafungua vishikizo, akasukuma paa nyuma kwa madaha. Likafika nusu, likakwama. Akasukuma kwa nguvu, vyuma vikakwaruza kasha. Hapo ndipo alipoelewa. Paa likikunjwa huingia kulala butini. Miaka yote miwili alikuwa akipakia mizigo kwenye kitanda cha paa.

“Cherehani ibaki,” akasema. “Wiki ijayo nitaileta mwenyewe.” Akaitoa, akaiweka barazani.

Bibi harusi akaitazama pale barazani. “Baba, hii ndiyo kazi aliyoniachia mama. Nikiingia kwa watu mikono mitupu, watanizoea hivyo hivyo, kwamba mimi ni wa kulishwa.”

“Na wale wanaotungoja barabarani?”

“Wataniona leo. Kesho watakuwa na mambo yao.”

“Kaka,” shangazi akadakia kutoka nyuma, “anayeolewa ni mtoto, si gari.”

Semboja akalitazama paa, akaitazama cherehani. Ilimuuma sana. Lakini alimkumbuka mkewe akikanyaga pedali huku mtoto huyu amelala mgongoni. Akairudisha cherehani butini, akalifunga paa, vishikizo vyote.

Barabarani watu waliona turubai tu. Huko Mombo baba wa bwana harusi akamtania, “Karani, si tuliambiwa paa litakuwa wazi?”

“Mkunja paa hana buti, mkwe wangu,” Semboja akajibu. “Nami nilikuwa na mzigo wa kuleta.”

Watu wakacheka, na neno likafika sokoni kabla ya pilau kupoa.

Bi Tumu akapitisha kidole kwenye kasha la mti la cherehani yake, mahali penye mikwaruzo mitatu mirefu.

“Baba alitamani watu wote wanione,” akasema. “Mwaka uliofuata bei ya mkonge ikaanguka, mume wangu akaachishwa kazi. Tulikula kwa mashine hii hii, na baba alipostaafu, naye akala.”

Wasichana wakainama kuitazama mikwaruzo ile.

“Haya, mmoja wenu amfuate yule mteja. Achague, kiuno au mifuko. Mkunja paa hana buti.”