Kiboko Ala Matanga Yake

Hadithi!
Hadithi njoo!
Njoo na uongo wako begani!
Utue mzigo, tuuone!
Na mwenye usingizi?
Akalale kwao!

Haya. Wewe Chausiku, weka kando hizo karanga, maana unavyotafuna mimi sijisikii. Nianze.

Palikuwa na bwawa. Kiangazi kilikuwa kimelinyonya mpaka likabaki dogo, na Kiboko alilala ndani yake. Hakulala pembeni, alilala katikati. Swala akija kunywa maji, Kiboko anafumbua jicho moja.

"Bwawa la nani?"

"Lako, bwana."

"Haya, toka."

Nguruwe akija naye, jicho linafumbuka. "Bwawa la nani?" "Lako, bwana." "Haya, toka." Wanakuja na kiu, wanaondoka na kiu, tena wameshaaga kwa adabu.

Kwenye matete aliishi Chura na wanawe, viluwiluwi wa mkia mtupu, miguu bado. Kiboko akijigeuza, gubu! maji yanaruka mpaka ukingoni, viluwiluwi wanabaki kwenye tope wanatapatapa. Chura anakimbia, chup, chup, chup, anawabeba kinywani, anawarudisha majini. Kiboko anajigeuza tena, gubu! Chura tena mbio, chup, chup, chup. Wengine aliwaokoa. Wengine jua liliwawahi kabla yake. Roho ilimuuma Chura, ilimuuma vibaya sana. Lakini utamfanya nini mtu ambaye ukucha wake mmoja ni mkubwa kuliko wewe na ukoo wako?

Siku moja, jua la utosi, Kiboko akashusha pumzi. Hoooo!

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema Chura kutoka kwenye matete. "Mbona unahema hivyo? Umevimbiwa?"

"Marahaba. Sijavimbiwa. Ni mawazo." Kiboko akapepesa macho. "Tembo anaangusha miti. Twiga anaiona mvua ikiwa bado mbali. Hata nyuki, mdudu yule, ana asali yake. Mimi je? Nakula, nalala, nakunya. Nipo nipo tu. Hivi nilizaliwa kwa ajili gani?"

Chura alitaka kumjibu, "Kwa ajili ya kuua watoto wa wenzio." Akalimeza neno, likashuka kwa shida.

"Bwana," akasema, "ndani yako kuna kitu kikubwa."

"Ndiyo. Jana nilikula majani ya bonde zima."

"Si majani, bwana. Ni kusudi. Lipo humo, limebanwa. Ukibadilika, litatoka."

"Kubadilika kunauma?"

"Nitazame mimi. Nilikuwa kiluwiluwi, nina mkia, sina mguu hata mmoja. Siku moja nikasema basi, yule kiluwiluwi amekufa. Leo naruka, naimba, watu wananiheshimu."

"Watu gani?"

"Wapo," akasema Chura. "Sasa na wewe, Kiboko wa zamani lazima afe."

Kiboko akazama mpaka puani. "Afe?"

"Kwa mdomo tu, bwana. Unatoka majini, unatangaza mbele ya wote kwamba Kiboko hatunaye tena. Tunamlilia. Tunakaa matanga. Tunapika ubwabwa."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Ubwabwa na nini?"

"Na maharage ya nazi."

"Mwingi?"

"Marehemu mkubwa vile, tutapika kidogo tuchekwe?"

"Basi afe," akasema Kiboko. "Afe leo leo."

Chura akampa sharti moja. Mfiwa mkuu atakuwa yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyekuwa karibu na marehemu kumshinda. Na mfiwa hakai majini, anakaa jamvini. Kiboko akatoka bwawani, pwata, pwata, pwata, akakaa jamvini. Jamvi likapotea chini yake.

Chura akapita kwa wanyama wote akinong'ona. Nguruwe akaleta mchele. Msimuulize kautoa wapi. Kanga akaleta maharage. Nyani akapanda kuangua nazi. Mzee Kobe akawekwa kuongoza msiba, si kwa hekima, ila hakuna mtu mwingine aliyeweza kukaa kitako muda mrefu bila kujikuna.

"Nani amefariki?" akauliza Kobe.

"Kiboko," akasema Kiboko.

"Una hakika?"

"Nilikuwa naye mpaka mwisho."

Basi kilio kikaanza. Wii! Wii! Swala akasimama kumtaja marehemu.

"Marehemu alikuwa mchoyo."

"Sana!" akalia Kiboko.

"Maji ya Mungu, akayakalia."

"Aliyakalia, jamani, nilimwona!"

"Aliua watoto wa wenzake," akasema Chura, na hapo sauti yake haikuwa ya mchezo.

"Alikuwa mtu wa hovyo!" akalia Kiboko, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. "Kafa vizuri! Ubwabwa haujaiva tu?"

Ukaiva. Watu walipewa vijiko, Kiboko akapewa sufuria. Akala, nyam. Akapewa nyingine. Akala, nyam. Akakomba ukoko, akalamba mwiko, akaufukuza mfuniko uliokuwa unaviringika kuelekea kichakani. Jina jipya pia alipewa: Upepo. Alilipenda. Alijizungusha aone linavyomkaa, akaangusha Nyani na nazi zake.

Tanga likaanuliwa. Kobe akakohoa. "Marehemu ameacha nini?"

"Bwawa," wakasema wote.

"Ameacha watoto?"

"Hakuacha."

"Basi wagawiwe majirani. Mfiwa mkuu unasemaje?"

Kiboko alikuwa amelegea kwa shibe, macho nusu. Na mnajua wenyewe, mkono hauwi mzito ukigawa cha marehemu. "Wapeni," akasema. "Wapeni wote. Yule alikuwa mchoyo mno."

Ikapitishwa: penye kina, pa kunywa watu wote, penye matete, pa Chura na wanawe.

Jua likazidi kuwaka. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukakamaa. Akainuka, pwata, pwata, pwata, kuelekea majini.

"Unakwenda wapi?" akauliza Chura.

"Kuoga bwawani kwangu."

"Kwako tangu lini, Bwana Upepo?"

"Upepo gani? Mimi Kiboko!"

Watu wakarudi nyuma. Swala akajificha mgongoni kwa Nguruwe. Kiboko akafungua kinywa, akainua mguu. Angeshusha ule mguu, hadithi yetu ingeishia hapo, pamoja na Chura. Chura aliuona unyayo juu ya kichwa chake. Hakusogea. Nyuma yake walikuwa wanawe.

"Kanyaga, bwana," akasema. "Lakini kwanza nikuulize. Ubwabwa wa matanga umekula?"

"Nimekula."

"Wa matanga ya nani?"

"Ya Kiboko."

"Na mnajua nyote," Chura akawageukia watu, "anayekula matanga ya mtu aliye hai hufanywa nini?"

Hawakujua. Hata mimi sijui. Lakini Kobe akatikisa kichwa kwa huzuni, kama anayejua.

"Tumbo humvimba," akasema Chura. "Linavimba, linavimba, mpaka linapasuka. Paa! Kwa hiyo kama Kiboko yu hai, mwenzetu, tuage mapema."

Kiboko akatazama tumbo lake. Lilikuwa limevimba. Akalibonyeza. Lilikuwa gumu. Likalia, gurrrr.

Mguu ukashuka taratibu, ukakanyaga pembeni.

"Amekufa!" akapiga kelele. "Kiboko amekufa! Amekufa kabisa, na maiti yake nimeiona! Mimi ni Upepo!"

"Upepo na bwawa wapi na wapi," akasema Chura. "Nyuma ya kilima kile kuna mto mkubwa. Nenda, baba. Kusudi lako linakusubiri."

Akaenda, tifu, tifu, tifu, analishika tumbo.

Viluwiluwi wakaota miguu kwa raha zao. Na Kiboko? Msimhurumie, kusudi lake alilipata. Ni ubwabwa. Ndiyo maana mpaka leo anatoka mtoni, anavamia mashamba ya mpunga. Kila akiona mpunga anadhani kuna msiba, na subira ya kungoja wapishi hana.

Hadithi nimeitua, mzigo si wangu tena. Ikiwa tamu, ni kwa sababu mlisikiliza. Ikiwa chachu, niliipokea hivyo hivyo kwa shangazi yangu Mwanakheri, kamdaini yeye.

Funzo mnalitaka? Haya, kaeni vizuri. Funzo ni kwamba uongo haulipi. Chura alidanganya tangu mwanzo mpaka mwisho, na adhabu yake mnaiona wenyewe: ana maji, ana watoto, na usiku mzima anaimba.