Bei ya Dirisha la Bibi Malita

Bei ya dirisha huulizwa ukutani. Ndivyo alivyosema shangazi yenu leo asubuhi, pale kijana wa jirani alipojisifu kwamba amepata ng'ombe wa kisasa kwa bei ya kutupa. Mlicheka, kisha mkaanza kuulizana ng'ombe na dirisha wana undugu gani. Basi sogezeni viti. Asili ya methali hii ni hii hapa.

Ilizaliwa huku huku kwenye baridi ya Njombe, nyumbani kwa mjane aliyeitwa Delfina. Alikuwa mkulima wa pareto, mchapakazi, na mdadisi asiye na mfano. Sokoni aliweza kuuliza bei ya viatu vya kiume, naye hana mwanamume wa kumvalisha, ili ajue tu. Aliishi na mama mkwe wake, Bibi Malita, katika nyumba ya tofali mbichi iliyojengwa na mume wa Bibi Malita enzi za ujana wake.

Nyumba ile ilikuwa na madirisha manne ya mbao tupu, bila kioo hata kimoja. Mwezi wa sita ukiingia, ukiyafungua unaganda, ukiyafunga unakaa gizani. Na Bibi Malita alikuwa msukaji wa vikapu vya nyasi za milulu, vikapu ambavyo watu walitoka mbali kuvifuata. Macho yake yalianza kupungua nguvu, akawa hawezi kusuka bila mwanga wa kutosha. Baridi ya mwaka uliotangulia aliimaliza ameketi kitandani gizani, mikono mapajani, haongei. Delfina aliiona mikono ile imekaa bure na roho ikamuuma, maana alimpenda mama yule kuliko watu wanavyodhani mkwe hupendwa. Akajiapiza kwamba baridi nyingine haitamkuta mama yake gizani. Ataweka madirisha ya vioo.

Msimu ule pareto ilikubali, akavuna magunia kumi. Akamwita fundi wa kwanza, Mzee Ngailo, ambaye nusu ya nyumba za pale zilipita mikononi mwake.

Mzee alisalimia, "Kamwene," akaitikiwa, kisha badala ya kutoa futi apime dirisha, akaanza kuizunguka nyumba. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole akatega sikio. Alipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akapapasa lipu juu ya fremu kama mtu anayempima mtoto homa. Delfina alimfuata nyuma hatua kwa hatua, anataka kujua anatafuta nini. Mwishowe mzee akamuuliza swali la ajabu. Aliyejenga nyumba hii, alianza na ukuta au alianza na fremu?

Delfina akajibu kwamba yeye alipoolewa aliikuta nyumba imesimama. Mzee akatikisa kichwa, akataja bei yake: pesa ya magunia tisa. Matatu ya madirisha, sita ya ukuta. Hapo udadisi wa Delfina ukageuka hasira. Akamwambia ukuta wake hauumwi, na kwamba ameita fundi wa madirisha, hakuita mganga. Mzee Ngailo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alivaa kofia, akasema akihitajika kwake panajulikana, akaondoka.

Fundi wa pili alikuwa Zabroni, kijana mtanashati mwenye futi mpya ya chuma. Alipima madirisha yote manne kabla maji ya chai hayajachemka, akasema magunia matatu. Delfina akafurahi, akawasimulia majirani jinsi alivyoponea chupuchupu kwa mzee mlafi. Alilipa pesa yote papo hapo, na madirisha yakaanza kutengenezwa.

Lakini lile swali halikumtoka. Akiwa shambani anachuma maua ya pareto, linamjia. Ukuta kwanza au fremu kwanza? Na ingebadilisha nini? Alitamani kumuuliza mkwewe, akaona haya. Angemweleza vipi mama mzima kwamba anahangaishwa na maneno ya fundi aliyemfukuza mwenyewe? Udadisi wake wote ule, na jambo hili moja akaliacha lipite.

Madirisha yalipofika, Zabroni alianza na chumba cha Bibi Malita. Bibi alikataa kutoka nje. Alisema anataka kuuona mwanga unavyoingia, akaketi kwenye kigoda chake karibu na mlango. Zabroni akang'oa ubao wa chini wa fremu, akang'oa wa pembeni, akashika ule wa juu akavuta.

Udongo ukaanza kumwagika taratibu, kama unga unaotoka kwenye gunia lililotoboka. Likadondoka tofali moja, halafu la pili. Ufa ukapanda mpaka kwenye paa. Zabroni akapiga kelele watoke, Delfina akamkumbatia mkwewe kwapani akamburuta mpaka uani. Nyuma yao ukuta ulianguka kuanzia dirishani hadi kwenye kona, na paa likalala upande.

Hakuna aliyeumia. Zabroni alikaa chini, mweupe kwa vumbi.

"Mama, mimi nilipima dirisha," alisema. "Nilipima vizuri kabisa."

Delfina alimgeukia mkwewe, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama, baba alipojenga nyumba hii, alianza na ukuta au alianza na fremu?"

"Fremu, mwanangu. Alizisimamisha zote nne uwanjani, akaziegemeza kwa miti, na ukuta haupo. Watu walimcheka, wakasema anamjengea mkewe nyumba ya upepo. Ndipo akapanga matofali kuzizunguka, akapandisha mengine juu yake."

"Juu ya fremu zenyewe?"

"Sasa yangekaa juu ya nini? Wakati ule hatukujua linta, huu mkanda wa zege mnaoupitisha siku hizi juu ya madirisha. Fremu ndiyo iliyobeba kila kitu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wewe unayeuliza bei ya viatu usivyovaa," alisema Bibi Malita, "hili hukuniuliza."

Delfina alilia. Alilia kwa aibu, na kwa hofu pia, maana baridi ilikuwa imeingia na mama yake sasa hakuwa na chumba chenye giza wala chenye mwanga.

Alikwenda mwenyewe kwa Mzee Ngailo. Mzee hakumsimanga hata kwa neno moja. Alikuja na mirunda, akalitegemeza paa, kisha akasema kazi hii sasa si ile ya mwanzo. Kuusimamisha upya ukuta ulioanguka, na linta yake, ilikuwa pesa ya magunia saba, yote yaliyobaki. Fremu zile tatu nyingine alishauri zisiguswe mpaka mfuko ujae tena. Kwa wiki tatu Bibi Malita alilala jikoni kando ya moto, akikohoa moshi. Zabroni alikuja kila siku kubeba matofali bila malipo, na Mzee Ngailo akamfundisha kugonga ukuta na kusikiliza.

Dirisha moja likawekwa. Yale matatu yalifungwa kwenye viroba, yakakaa nyuma ya mlango miaka mitatu. Lakini asubuhi ya kwanza jua lilipopita kwenye kioo, Bibi Malita aliomba aletewe milulu yake. Kufika saa sita alikuwa amekwisha kusuka kitako cha kikapu, na alikuwa anaongea bila kupumua, anamsengenya kila mtu.

Majirani wakaja kutazama. Mmoja wao, Skolastika, aliyekuwa na mama mzee kama huyo nyumbani kwake, akazungukazunguka dirisha lile, akaligusa, akauliza limegharimu kiasi gani.

Delfina alifungua mdomo ajibu magunia matatu, akaufunga. Akafikiria kusema kumi. Lakini hata kumi ilikuwa bei ya nyumba hii, haikuwa ya Skolastika. Basi akajifunga khanga vizuri, akamshika jirani mkono, wakavuka njia mpaka kwake. Wakasimama nje ya chumba cha yule mama mzee. Delfina akauchukua mkono wa Skolastika, akaubandika kwenye ukuta, juu kidogo ya dirisha.

"Anzia hapa," akamwambia. "Bei ya dirisha huulizwa ukutani."