Maneno ya Saumu na Friji ya Chanjo

Sogeeni. Anayetaka hadithi ya kucheka aende nje, maana hii inanichoma.

Ofisi moja ya Dodoma ilikuwa na mafundi watatu wa programu. Saumu alijua kueleza: msimbo mgumu, yaani yale maandishi yanayoiamuru mashine, aliuandikia maelezo juu yake hata mgeni akaelewa. Mwakipesile alijua kutibu: programu ikikwama, aliifungua akaiponya. Tumsifu alijua kupunguza: kisicho na kazi alikiondoa, mashine ikawa nyepesi. Na mkurugenzi wao alikuwa amewawekea adabu moja: msimbo ni wa wote, lakini maelezo hutiwa jina la mwandishi, na mtu mwingine haruhusiwi kuyagusa.

Wakatengeneza programu ya kulinda friji za chanjo. Programu mama hukaa macho. Joto likipanda, huzaa programu mtoto, na mtoto ndiye humpigia nesi simu. Sehemu ya kuzaa aliiandika Saumu, na juu yake akaweka: "Mtoto asipozaliwa, mama hujaribu tena mpaka azaliwe. Saumu." Siku hiyo ilikuwa kweli tupu.

Baadaye mashine zikaanza kuganda, kwa sababu mama alijaribu bila kikomo. Mwakipesile akaondoa kule kujaribu tena, mashine zikapona. Maelezo hakuyagusa. Akampigia Saumu, aliyekuwa amehamishiwa kitengo kingine.

"Dada, maneno yako pale juu si kweli tena."

"Nitayarekebisha, kaka yangu. Kazi zimenifika shingoni."

Hakuyarekebisha.

Akaja Tumsifu kupunguza. Akakuta king'ora cha akiba, kinacholia mtoto asipozaliwa. Akasoma maelezo ya Saumu, akasema, "Kama mama hachoki kujaribu, king'ora cha nini?" Akakiondoa. Msimbo wenyewe, uliokuwa hapo hapo chini ya maelezo, hakuusoma!

Siku moja friji ya zahanati ikafa. Joto likapanda. Mama akajaribu kuzaa, kumbukumbu ya mashine imejaa, akashindwa, akanyamaza. Simu haikulia, chanjo zikaharibika, na Nesi Zaituni wa zahanati hiyo akazitupa zote mbele ya akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni.

"Mwanangu akiugua, utanijibu nini?" mmoja alimfokea. Na Zaituni hakuwa na kosa lolote.

Mkurugenzi akawaita wale watatu. "Mmoja wenu anaondoka leo."

"Nilichoandika kilikuwa kweli," Saumu akasema. "Mwakipesile ndiye aliyenifanya mwongo."

"Si nilikwambia kwa mdomo wangu?"

"Kumbe mlijua wote wawili!" Tumsifu akapiga meza. "Mkaniacha nisome uongo?"

"Na wewe macho ya kusoma msimbo huna?" Mwakipesile akamrudishia.

Wakafokeana mpaka jioni. Na hiki ndicho kinachonipandisha hasira: hakuna aliyenyanyua hata kidole kuyafuta yale maneno. Yapo mpaka leo, na jina la Saumu chini yake, na fundi mgeni ameanza kuyasoma.

Haya, kiti cha mkurugenzi nawaachia ninyi. Mnamfukuza nani?