Meza Kwenye Fungu

"Na wewe utarudi na nani?"

Swali hilo halikujibiwa. Aliyeulizwa alikuwa na meza kichwani, kompyuta kwapani na hedifoni masikioni. Alitabasamu kama anayepigwa picha, akapita zake. Aliyeulizwa ni mimi.

Hapo zamani, na msinihesabie siku, maana wiki mbili hazijatimia ila aibu imezizeesha, palikuwa na msichana wa milimani, Mpare wa Same, jina lake Nakiete. Chuoni alikuwa mwenyekiti wa klabu ya mdahalo. Hajawahi kushindwa hoja. Hajawahi pia kuogelea. Siku moja akaona kwenye simu picha ya mtu amekaa ufukweni, kompyuta magotini na dafu pembeni, anafanya kazi. Nakiete akasema: kumbe kazi inaweza kuwa hivi, na sisi tunabanana ofisini kwa ujinga wa nani? Akatafuta kazi ya mtandaoni ya miezi mitatu. Akapata. Akavuka kwenda kisiwani, kisiwa ambacho sikitaji kwa sababu bado wananicheka.

Kazi yenyewe ilikuwa hii, naomba msicheke mapema: kuandika kwa Kiswahili maonyo ya maji kujaa na kupwa. Kampuni ndogo ya Nairobi ilikuwa inatengeneza programu ya simu ya kuwatahadharisha watu wa pwani wasikutwe na maji. Bosi alikuwa Dada Nkatha. Mwandishi wa maonyo alikuwa mimi, mtoto wa milimani. Sentensi yangu ya kwanza, niliyoipenda kuliko zote, ilikuwa: "Watumiaji wanashauriwa kuzingatia ongezeko la kina cha maji katika maeneo ya mwambao."

Nilipanga chumba kwa Bwana Vuai, mwenye nyumba ndogo ya wageni. Wageni tulikuwa mmoja. Kila kikao cha mtandaoni Nkatha alinitania: "Nakiete, hiyo bahari nyuma yako ni bahari ama ni picha umebandika?" Na wenzangu wote wanacheka. Nilikasirika. Mimi niitwe mwongo? Nikaapa kwamba kikao kijacho nitakaa mahali ambapo hata kipofu atajua ni bahari.

Mbele ya kijiji kuna fungu, kilima cha mchanga kinachotokeza maji yakipwa. Kati ya fungu na ufukwe kuna mkondo. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekaa pale siku tatu mfululizo, na maji ya mkondo hayakunivuka magoti kutwa nzima. Nikahitimisha, kama anavyohitimisha mtu mwenye digrii, kwamba bahari ya kule ni ya magotini. Sikujua kwamba yale yalikuwa maji mafu, siku ambazo bahari inajaa kwa uvivu na kupwa kwa uvivu. Sikujua kwamba Jumatatu ile mwezi ulikuwa umetimia na bamvua limeanza, siku ambazo maji yanapwa hadi mbali, kisha yanarudi yote kwa pamoja. Mwandishi wa maonyo ya maji hakujua.

Basi saa nne asubuhi maji yamekauka, nikaazima meza ya jikoni ya Bwana Vuai. Kuazima nasema kwa heshima. Niliichukua. Njiani nikawapita wanawake wa mwani, wanakwenda kukata mwani wao kwenye kamba. Wao hawendi mmoja mmoja. Kila mmoja ana mwenzake, na wakirudi ufukweni, kabla hajafunga mtu kiroba, kila mwanamke anaita jina la mwenzake na kungoja aitikiwe. Bi Miza na mkwe wake Kazija ni wenza. Ni Bi Miza aliyeniuliza nitarudi na nani. Mmeshajua nilivyojibu.

Nikaweka meza juu ya fungu. Nikakaa, uso kijijini, mgongo baharini, ili bahari ionekane nyuma yangu. Kikao kikaanza saa sita kasorobo.

"Haya, nimeamini," Nkatha akasema. "Ni bahari. Sasa hii sentensi yako, ongezeko la kina. Kuna mtu huko anaongea hivyo?"

Jamani. Mtu akinigusa sentensi yangu! Nikaomba nafasi ya kujibu. Nikatoa hoja ya kwanza, usanifu wa lugha. Nikatoa hoja ya pili, hadhi ya maandishi. Kila baada ya muda nilitupia jicho kwenye ile picha yangu ndogo kwenye kioo: bahari nyuma yangu iko mbali, imetulia. Niko salama. Maji yalikuwa yanaingia mkondoni, mbele yangu, nyuma ya kifuniko cha kompyuta. Mimi naitazama bahari kwenye kioo.

Nikatoa hoja ya tatu. Wanawake wa mwani wakawa wanavuka kurudi, viroba vichwani, maji kiunoni. Kazija akapaza sauti:

"We mgeni! Usitazame bahari, tazama mkondo!"

Nikamwonyesha kiganja, subiri.

"Mgeni! Usitazame bahari, tazama mkondo!"

Nikavua hedifoni sikio moja. "Samahani dada, niko kikaoni."

"Ala! Huyu vipi? Tazama mkondo, nakwambia!" Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake.

"Ni nani huyo?" Nkatha akauliza. "Amesema nini?"

"Kelele tu za pembeni," nikasema. "Naomba nimalize hoja."

Nilipomaliza hoja, meza ilikuwa imesimama majini na mimi nimesimama majini. Mkondo ulikuwa umegeuka mto, unakwenda kwa nguvu. Nikaangalia kulia, maji. Kushoto, maji. Nyuma, ile bahari yangu ya kweli, imefika. Mnajua nilisema nini? Sikusema nakufa. Sikusema nisaidieni. Nilimwambia Nkatha: "Naomba dakika mbili."

Ufukweni wanawake walikuwa wanaitana majina. Bi Miza akaita, "Kazija!" Kazija akaitika, "Abee, mama!" Kazija akaita, "Mama!" Bi Miza hakuitika. Alikuwa amegeuka.

"Na yule wa meza?"

"Nimemwambia mara tatu, mama. Kasema yuko kikaoni."

"Mimi nilimuuliza atarudi na nani. Hakunambia. Basi nani atamwita?"

Akatupa viroba vyake viwili pale pale kwenye ukingo wa maji, bila kuvifunga, bila kuvivuta juu. Akachukua kamba ndefu ya mwani. Kazija akaingia naye hadi katikati ya mkondo, penye maji ya kifua. Kazija haogelei. Akajizungushia kamba kiunoni, akachimbia miguu mchangani, akawa kigingi. Bi Miza akaishika ile kamba, akaja mpaka kwangu, nusu anatembea, nusu anaelea, gauni limejaa upepo. Akanifunga.

"Meza acha."

"Kompyuta yangu, Bi Miza!"

"Nimesema acha. Umezaliwa na meza wewe?"

Hapo tukasikia mtu anapiga mbizi na kutukana kwa pamoja. Bwana Vuai. Alikuwa anapika chai, akatafuta pa kuweka sufuria, akakuta meza haipo. Akatazama baharini, akaiona.

"Meza haiachwi!" akapiga kelele. "Ya marehemu mama yangu hiyo! Nyie mwokoeni huyo, mimi naokoa changu!"

Akaipindua meza miguu juu, ikaelea. Akaweka kompyuta ndani yake, na simu iliyokuwa inaipa mtandao, akaisukuma mbele yake huku anaogelea. Kikao hakijakatika, na kwa kuwa hedifoni zilikwisha chukuliwa na maji, sauti ikawa inatoka kompyutani. Watu wa Nairobi wakaona mawingu, kisha mguu wa meza, kisha uso wa mwanamume mwenye hasira.

"Wewe ni nani?" Nkatha akauliza.

"Mwenye meza!"

"Na yule dada wa mwanzo alikuwa anapiga kelele nini?"

Na Bwana Vuai, majini vile vile, akaeleza. Kwamba bamvua limeanza. Kwamba maji hayaanzi kufunika fungu, yanaanza kujaza mkondo. Kwamba mtu akikaa anatazama bahari atadhani iko mbali mpaka atakapotaka kurudi. Kwamba ndiyo maana watu wa pale wanaambiana, usitazame bahari, tazama mkondo. Alieleza mkondo mzima, kutoka fungu hadi ufukweni, anahema, anatema maji. Mimi nikiwa nimefungwa kamba kama mbuzi, navutwa nyuma yake, nilikuwa nasikia Nkatha anasema, "Ngoja niandike. Rudia hapo."

Tulipofika, viroba vya Bi Miza havikuwapo. Bahari ilikuwa imechukua mwani wote wa kamba zake, mavuno ya bamvua zima. Alinigeukia mimi. Aliniita jina, kwa sauti, ingawa nilikuwa mbele ya pua yake:

"Nakiete!"

"Abee."

"Haya. Sasa umerudi."

Siku tatu baadaye barua ya Nkatha ikaja. Sentensi zangu zote zimefutwa. Programu itasema, usitazame bahari, tazama mkondo. Na kampuni haitaki tena mwandishi anayehamahama visiwani, inataka mtu mmoja wa kutoa maonyo kwa sauti yake kila siku, mwaka mzima. "Mkataba wako hautafika miezi mitatu, unaisha mwezi huu," aliandika. "Kiti ni kimoja. Nitajie jina moja. Ukitaka kujitaja mwenyewe, sitakukataza, nitakuuliza sababu."

Mnaona alivyonifanyia? Nimchague wa kukalia kiti changu! Nisipokipata narudi Same kwa mama, dukani, kuuza sabuni na kusikiliza: si ulisema ofisi iko ufukweni?

Nikawakusanya jikoni kwa Bwana Vuai, tukaizunguka meza ile ile, ina chumvi mpaka leo. Nikawasomea barua.

Kazija akaanza. "Maneno ni ya nani? Yangu. Si ndiyo yaliyokileta kiti? Na aliyesimama mkondoni kama kigingi, haogelei, ni nani? Cheti changu cha kidato cha nne kimelala sandukuni mwaka wa sita, miguu yangu imeliwa na chumvi. Kusoma najua, kuandika najua, sauti ninayo, mgeni mwenyewe shahidi. Kiti changu."

"Sauti ulikuwa nayo," Bwana Vuai akasema, "lakini bosi alisikia kelele. Aliyemfahamisha ni nani? Mimi. Nilieleza huku nakunywa bahari. Bila mimi kompyuta imezama, kikao kimezama, na barua hii isingeandikwa. Kiti changu."

"Ulifuata meza wewe!" Kazija akamrukia. "Sema wallahi hukufuata meza."

"Nilifuata meza. Nakiri. Ningefuata meza nikaacha kompyuta, ungesemaje? Na wewe je? Ulimwambia mara tatu, mara ya nne ukaenda zako."

Ndugu zangu, hilo lilikuwa pigo, na mimi kama mtaalamu wa mapigo nililihesabu.

Tukamtazama Bi Miza. Alikuwa anafumua mafundo ya ile kamba.

"Mimi sikupiga kelele," akasema, "wala sikuongea na bosi. Kusoma sijui. Lakini kukicha tu najua maji ya leo yatafika wapi, na sijawahi kumwacha mtu nyuma. Mwani wangu umekwenda, na sitaki mtu anilipe, ila mnaniuliza kiti, nami sina kingine mpaka bamvua lijalo."

"Lakini mama," Kazija akasema polepole, "ulimuuliza atarudi na nani, hakujibu, nawe hukusimama."

"Kweli. Sikusimama. Nilijisemea, huyu ana elimu yake."

Basi mimi, ambaye sijui kukaa bila kutoa hoja, nikainuka. Waheshimiwa, nikasema, na upande wangu usikilizwe. Bila mimi kwenda fungu, nani angepiga kelele? Nani angefuata meza? Nani angefunga kamba? Chanzo cha yote ni mimi. Kazi naijua, bosi namjua, kosa nimeshalifanya, kwa hiyo sitalirudia. Kiti changu. Niliitoa hoja hiyo kwa dakika saba, kwa mikono miwili, na naapa ilikuwa nzuri.

Bwana Vuai akacheka mpaka akashika meza. Kazija akafunika uso na mtandio. Bi Miza hakucheka. Aliniuliza tu:

"Na kazi hiyo utaifanya na nani, mwanangu?"

Sikujibu. Mara ya pili sasa, na safari hii sikuwa na hedifoni.

Kazija alitoa maneno, akasimama kigingi, ila alikuwa amekwenda zake. Vuai alieleza, ila alifuata meza. Bi Miza alinirudisha, ila hakungoja jibu, na hasomi. Mimi nilipotea, na ninaandika vizuri. Kiti ni kimoja. Kiti kile ni haki ya nani kati yetu?

Nkatha anataka jina kesho kabla ya adhuhuri. Kila hoja ninayoanza inaishia kwangu, kwa hiyo siwezi kujiamini. Kata karatasi, andika jina moja, unipe.