Matarishi wa Tumbo la Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Mmekula?

— Tumekula!

Na matumbo yametulia?

— Yametulia!

Basi sogeeni, maana la Bwana Fisi halikutulia.

Bwana Fisi alikuwa na nguvu za kutisha, na tamaa iliyozidi hizo nguvu. Alikula mizoga, mifupa, kwato, hata viatu vya ngozi vilivyotupwa. Jani hakugusa. Tumbo likawa linanguruma, guruguru, guruguru! Akila, hashibi. Akilala, hapati usingizi. Akikasirika, hajui kwa nini. Manyoya yakamnyonyoka mgongoni, na kila mnyama akawa anampisha njia.

Siku moja akamkamata mtoto wa Bi Sange. Sange mnamjua? Kale kanyama kenye pua ndefu, kakiogopa hupiga miguu chini, tuku tuku tuku. Mtoto aliitwa Kidawa. Alikuwa amelala chini ya guu la Fisi, macho yamemtoka.

Bi Sange alikuja mbio, akasimama. Miguu ikaanza yenyewe: tuku tuku tuku.

"Nini hicho?" Fisi akafoka.

Bi Sange alitaka kusema, ni mimi, naogopa. Akalimeza neno. "Ni matarishi wako, Bwana mkubwa. Wanakimbia tumboni."

"Matarishi gani?"

"Tumboni mwako wanaishi viumbe wadogo wasioonekana. Wakila vizuri, wanasaidia kutuma matarishi mwilini. Huyu apeleke shibe, huyu usingizi, huyu utulivu. Wewe unawapa mifupa tu! Wana njaa, na matarishi wanapotea njia."

Waliosoma huwaita matarishi hao homoni. Bi Sange hakusoma. Alimtaka mwanawe tu.

Fisi akakandamiza guu. Kidawa akalia, wii! "Dawa yake?"

"Matembele, na togwa iliyochacha. Kila siku nitakuletea. Ila mtoto usimle, Bwana. Mfupa mmoja tu utaharibu dawa."

"Nitakula hayo majani. Yasiponifaa, namla mtoto, halafu mama yake."

Bi Sange akachuma, akapika, akabeba. Fisi akala. Lo! Tumbo likanguruma kuliko jana, GURUGURU!

"Umenilaghai!" Akamnyanyua Kidawa hadi mdomoni. Mate yakamdondokea mtoto, ta, ta, ta.

Bi Sange akajitupa katikati ya makucha, akabandika sikio kwenye tumbo la Fisi. Ndani, guruguru. Nje, miguu yake, tuku tuku tuku.

"Wanagombea chakula, Bwana! Hawajaona jani tangu uzaliwe. Sikia wanavyokimbia!"

Fisi akasikiliza. Tuku tuku tuku. Akamrudisha mtoto chini ya guu.

Basi ikawa kila siku matembele, kila siku togwa, kila siku hofu. Kidawa akakonda. Mama akikaa kula, chakula hakipiti.

Hata mchana mmoja Fisi akabakiza togwa. "Sitaki tena," akasema, akajishangaa mwenyewe. Akapiga mwayo. Akafumba macho: khorrr, khorrr.

Bi Sange akanyata. Akamvuta mwanawe mkia, taratibu. Guu zito. Akavuta tena. Na ile miguu isiyo na adabu ikaanza, tuku tuku tuku!

Jicho moja la Fisi likafunguka. "Nini hicho?"

Bi Sange akawahi kujibu: "Matarishi, Bwana. Wanakuletea usingizi."

"Waache wapite," Fisi akanong'ona, akainua guu.

Wakapita, mama na mtoto!

Fisi alipoamka alikuta chini ya guu hakuna kitu. Akatafuta hasira, hakuiona. Akamalizia togwa yake, akalala tena. Lakini Bi Sange mpaka leo jani likianguka, tuku tuku tuku. Hofu ile haikumtoka.

Funzo lake, wanangu? Msiguse matembele wala togwa! Vitawashibisha, vitawalaza, na kitoweo chenu kitawatoroka mkiwa mmelala.

Hadithi imefika mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni. Na hayo matembele mliyobakiza chunguni, leteni huku. Acheni nidhurike mimi.