Mchicha wa Hoteli ya Mbaruku

Wajukuu zangu, hii sikilizeni, halafu mrushieni yeyote mwenye hoteli, duka au ofisi. Mwenye hasira, anzeni naye.

Zamani pale Korogwe, karibu na stesheni, alikuwepo bwana mmoja, Mbaruku. Hoteli yake ndogo, lakini ugali wake na mchicha wa nazi, ukila unasahau ulikokuwa unakwenda. Watu wa treni walikuwa wanateremka mbio, mizigo wanaiacha.

Mwaka mmoja akasema, kwa nini ninunue mchicha? Nitapanda wangu. Akatifua nyuma ya jiko, akawaaga wauza mboga sokoni kwa maneno makali, hata kurudi kwao hawezi.

Basi mchicha ukaota. Ukifika urefu wa kiganja, unanyauka kama umeletewa habari za msiba.

Hoteli ikakosa mboga. Wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda hoteli ya Bi Tatu. Mbaruku akaona hoteli inamfia mkononi.

"Huyu mwosha vyombo hamwagilii!" Akamfukuza, akaleta mwingine. Mchicha ukafa. Akafukuza tena. Akaagiza mbegu za Lushoto. Nazo zikafa, tena haraka zaidi, maana ni wageni.

Mkewe, Mwanaidi, akamwambia, "Baba Rehema, si uwaulize watu wa jikoni?"

"Nimuulize mwizi kama kaiba?"

Akashika moja tu: Bi Tatu anatuma mtu kumharibia. Basi alasiri moja, saa ambayo kwa kawaida huwa anakoroma, akajifunika kanga ya mkewe, akajikunyata katikati ya matuta, rungu mkononi.

Dirisha la jiko likafunguka. Pwaaa! Karai zima la maji ya vyombo, sabuni, magadi na mafuta, likamshukia kichwani.

"Mamaaa! Nauawa!" Akaruka, povu limejaa ndevuni, kichwa cha dagaa kimekaa sikioni.

Mwosha vyombo mpya, Mhina, akachungulia. "Shikamoo bosi. Mbona umevaa kanga?"

"Nani kakwambia umwage hapa?"

"Si wewe, bosi! Siku ya kwanza tu ulisema, maji ya vyombo yasiguse sakafu, mwaga dirishani."

Mbaruku akafuta povu machoni. Amri ilikuwa yake kweli. Aliitoa zamani, siku shehe alipoteleza mlangoni na sahani ya pilau. Wakati huo nyuma ya jiko palikuwa na majani matupu. Bustani ikaja, amri ikabaki palepale, kila mwosha vyombo mpya anaambiwa hiyohiyo.

"Na wewe unaona mchicha unakufa, husemi?"

"Aliyenitangulia alisema, bosi. Ukamjibu, 'Umekuja kunifundisha kazi?' Ndipo nikapata nafasi mimi."

Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kanga yake aliidai.

Jioni ileile Mbaruku akachimba shimo la maji machafu, mbali na matuta, kwa mikono yake. Halafu akaenda hadi kwa yule mwosha vyombo aliyemfukuza kwa kusema, akapiga hodi, bado ananuka dagaa.

"Umefuata nini tena?" yule akamuuliza.

"Nimekuja," akasema Mbaruku, "unifundishe kazi."

Funzo: Mche ukinyauka, usikimbilie kuung'oa, tazama kwanza unaumwagia nini. Na kazini ni hivyohivyo: ukibadilisha watu huku amri iliyopitwa na wakati inabaki, na ukamziba mdomo anayeona, utavuna povu.