Bata Bukini au Mawimbi

Hii nimeletewa na shemeji yangu asubuhi, nikaisoma nimesimama jikoni mpaka uji ukafurika. Ukimaliza, mpelekee yule jamaa yako ambaye hajawahi kushindwa kwenye ubishi.

Zamani huko Japani walikuwako wazee wawili, Isobe na Kuronuma, askari wastaafu na marafiki wa miaka thelathini. Wote walikuwa na ugonjwa mmoja: kukusanya tsuba za kale. Tsuba ni kile kisahani cha chuma kinachokaa kati ya mpini na makali ya upanga, kuzuia mkono usiteleze ukajikata. Mafundi wa kule walizipamba sana. Nyingine walizitoboa maua, nyingine walizitia nakshi za dhahabu, nyingine wakazibandika kaa wa shaba.

Isobe alikuwa nazo mia na themanini. Kuronuma alikuwa nazo mia na themanini na moja, na hakuchoka kulitaja hilo.

Siku moja Isobe akapata tsuba nyeusi, kuukuu, iliyotobolewa michirizi miwili iliyopinda. Akamwita rafiki yake aje kuiona.

"Tazama," akasema. "Bata bukini wawili wanaruka. Mtindo wa kaskazini huu, wa miaka mia mbili iliyopita."

Kuronuma akaigeuzageuza. "Bata gani? Haya ni mawimbi. Mtindo wa pwani. Hata kipofu angeyapapasa akajua."

"Mawimbi hayana mabawa!"

"Na bata hawana povu! Ndugu yangu, macho hayo yanafaa kuchagulia maboga sokoni."

"Rudia," akasema Isobe.

Kuronuma akarudia, tena akaongeza na bilinganya.

Neno likazaa neno, mpaka wakaahidiana kukutana kesho yake asubuhi kando ya mto, kila mtu na upanga wake. Mke wa Isobe alimshika mkono mlangoni. "Miaka thelathini mnakula sahani moja, leo mwende kuuana kwa ajili ya matundu ya chuma?" Isobe akautoa mkono wake, akatoka.

Shahidi alikuwa mtawa mmoja, jina lake Senkai. Alikuja na wali wake wa asubuhi ameufunga kwenye jani, akaketi juu ya jiwe.

Wazee wakainamiana kwa heshima. Wakachomoa panga.

Senkai akaacha kutafuna. "Ngojeni kwanza. Tsuba zenu ziko wapi?"

Wakatazama panga zao. Zilikuwa mipini na makali tu. Kila mmoja alikwisha kung'oa tsuba ya upanga wake zamani, akaiweka sandukuni juu ya hariri pamoja na nyingine.

"Basi atakayepiga wa kwanza," akasema mtawa, "atavipoteza vidole vyake mwenyewe."

Isobe akakohoa. "Kuronuma, niazime moja."

"Nikuazime! Uitie jasho lako? Halafu igongwe, ipate mkwaruzo?"

"Basi wewe tia yako kwenye upanga wako."

"Yangu?" Kuronuma alishtuka kana kwamba ameambiwa amchinje mjukuu. "Wewe una wazimu."

Senkai akawaongoza hadi kwa mhunzi wa karibu, mama mmoja aitwaye Ofuji, aliyerithi kiwanda cha baba yake. Wakamwomba awafulie tsuba mbili za haraka.

"Za ukubwa gani, mabwana zangu?"

Isobe akaingiza mkono kifuani, akatoa ile tsuba yenye ugomvi. Alikuwa ameibeba ili, kama ni kufa, afe nayo.

Ofuji aliipokea, akaifuta kutu kwa kidole gumba, akapiga ukelele. "Loo! Hii kazi ya baba! Alama yake si hii hapa?"

"Haiwezekani," akasema Isobe. "Hiyo ina miaka mia mbili."

"Ina miaka arobaini na miwili. Mimi ndiye niliyevuta mivukuto."

Kuronuma akasogea mbele, amevimba kwa ushindi. "Vema. Mwambie basi mwenzangu. Haya si mawimbi?"

"Mawimbi? Hapana."

"Ni bata bukini!" akapaza sauti Isobe.

"Wala si bata." Ofuji alianza kucheka mpaka akashika nyundo isimwangukie mguuni. "Hizi ni nyusi za bibi yangu, mama mkwe wa baba. Kila akikasirika zilipinda hivihivi. Baba alikuwa hathubutu kumjibu, basi akamtoboa kwenye chuma."

Senkai akapaliwa na wali aliokuwa bado anautafuna. Isobe akamtazama Kuronuma, Kuronuma akamtazama Isobe, na wazee wale wakacheka hadi wakashikana mabega wasianguke. Kuronuma alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hayakuwa ya kicheko yote.

Kufikia adhuhuri Ofuji alikuwa amekwisha kufua zile mbili walizoagiza. Nyeusi, nene, hazina hata ua. Kuronuma aliinua moja kwenye mwanga, mazoea yakamshinda.

"Na hii, mama, ni mtindo gani?"

"Hiyo?" akasema Ofuji. "Hiyo ni mtindo wa kuzuia vidole visikatike."

Funzo: Usikubali kumpoteza rafiki kwa ajili ya jambo ambalo ninyi nyote wawili mnalikisia tu. Mtafuteni kwanza anayelijua, na mwende mkiwa tayari kukuta kwamba wote mmekosea.